Kufuli Yangu Kwenye Basi la Umeme

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya mabasi ya umeme, karibu na Umbilo Road, nilikabidhiwa kufuli nyekundu kabla sijaonyeshwa basi lolote. Mkuu wa Karakana, Mzulu mrefu mwenye sauti ya chini, alinisubiri nimalize kusaini, kisha akanieleza kwamba kufuli ile ina ufunguo mmoja tu, na kwamba ufunguo huo ungekaa mwilini mwangu kila saa ya kazi.

“Ukiifunga, hakuna wa kuifungua ila wewe,” alisema. “Hata mimi siwezi. Hata mwenye kampuni hawezi.”

Nilikuwa nimekuja na diploma ya umeme niliyoipata Bukavu, na miaka saba ya kusuka nywele katika saluni moja ya mtaa wa Sydenham wakati vyeti vyangu vikisubiri kutambuliwa. Wateja wangu wengi hawakuamini kwamba mikono ile ile iliwahi kufunga transfoma. Kwa hiyo siku ile nilipovaa ovaroli yenye jina langu kifuani, nilijitazama kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika karakana ile, na mgeni pekee kutoka Kongo. Nilipenda kuwa wa kwanza. Ninaliandika hilo mapema ili yatakayofuata yaeleweke.

Vijana wanaosoma kumbukumbu hizi wanapaswa kujua jinsi tulivyofanya kazi. Basi la umeme halina tangi la dizeli wala moshi. Lina betri zenye mamia ya volti, umeme unaoweza kumuua fundi kabla hajasema neno. Ndiyo maana hatukugusa waya wowote bila kwanza kulizima basi, kuchomoa plagi ya kukatia umeme, na kuweka kufuli mahali pa plagi hiyo ili mtu asiirudishe fundi akiwa bado kazini. Baada ya hapo tulisubiri dakika kumi, kwa sababu kapasita, yaani vyombo vinavyohifadhi umeme kwa muda, hubaki na nguvu hata betri ikikatwa. Glavu za mpira tulizikunja kuanzia kifundoni na kuzibana, tukisikiliza kama zinavuja hewa. Hatimaye tulipima kwa mita, na mita iliposoma sufuri ndipo kazi ilipoanza.

Kufuli iliyofungwa ilikuwa na maana moja tu kwa kila mtu aliyeiona: kuna mtu ndani ya basi hili au chini yake. Kama mwenye kufuli haonekani, sharti atafutwe mpaka apatikane, kwa macho au kwa sauti yake mwenyewe kwenye simu. Kuikata kabla ya hapo lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Mwaka wa tatu niliambiwa nitafute msaidizi. Nilimleta Kezia, binti wa Kirundi aliyekuwa akitengeneza simu katika kibanda kimoja cha mtaa wa Cato Manor. Tulikuwa tukisali kanisa moja. Nilimfundisha kila kitu, tangu kukunja glavu hadi kusoma michoro ya saketi, na kila aliponiuliza swali zuri nilijivuna kana kwamba nimeliuliza mwenyewe. Aliniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu, na mimi nilimwita mwanangu.

Kisha akaja Meneja wa Majaribio, na mabasi mapya matatu pamoja naye. Mabasi haya yalikuwa na kamera, rada, na kompyuta iliyozungumza na robot, ndivyo tunavyoita hapa taa za kuongozea magari; basi likikaribia, taa ilipata habari zake na kubaki kijani mpaka lipite. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba, ndani ya uwanja wa karakana, basi liliweza kujiendesha lenyewe hadi kwenye chaja na kujipanga pale bila dereva kugusa usukani. Meneja alitaka mtu wa kujifunza mfumo huo. Nilisubiri aniite. Alimwita Kezia.

Nilimpongeza mbele za watu, nikamletea soda. Lakini tangu siku ile nilianza kuhesabu. Nilihesabu mara ambazo Meneja alimwita “injinia” huku mimi akiniita “Mama”, kwa heshima yote. Nilihesabu wageni waliopiga naye picha. Nilichukia hata Kizulu chake, kilichotoka laini kama maji wakati changu kilikwama kwenye zile konsonanti za kugongesha ulimi kaakaani. Dereva mmoja mzee, mtu wa utani, alinikuta nikimtazama kupitia dirisha la stoo, akaniambia, “Eish, Mama, mwanafunzi wako amekupita bila hata kupiga honi. Ndiyo shida ya magari haya ya umeme.”

Nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda kukaa peke yangu kwenye chumba cha betri.

Ilitangazwa kwamba kutakuwa na nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Magari Yanayojiendesha, na kwamba onyesho la basi kujiendesha mbele ya wakuu kutoka makao makuu ndilo litakaloamua kama Kezia anaifaa. Alasiri ya siku iliyotangulia onyesho, nilikuwa chini ya basi jipya lililoandaliwa kwa onyesho nikikagua mabomba ya kupoza betri. Kufuli yangu ilikuwa mahali pake. Nilipomaliza, nilipita mbele ya ubao wa matangazo, nikaona ratiba ya kesho. Jina la Kezia lilikuwa juu kwa herufi nene. Langu lilikuwa mstari wa mwisho: msaidizi.

Nilikusanya vyombo vyangu, nikatoka getini bila kusaini daftari la kutoka. Kufuli niliiacha kwenye basi.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilisahau. Hapana. Nilipokuwa nikivuka Umbilo Road kuelekea kwenye fleti yangu, ufunguo ulikuwa ukinigonga pajani kila hatua, na nilijua kabisa ni ufunguo gani.

Asubuhi sikwenda kazini. Onyesho lilikuwa saa tatu. Saa mbili na nusu simu ilianza kuita, na jina la Kezia likatokea. Niliiweka mezani, nikachemsha chai. Ikaita tena, na tena. Nilifikiri kwamba watahangaika kidogo, wakuu watanuna, Kezia ataonekana mtu asiyejiandaa, na mambo yataishia hapo. Sikufikiria kabisa daftari la getini, ambalo kwa mujibu wake mimi nilikuwa bado ndani ya karakana tangu jana.

Saa nne na nusu alipiga Mkuu wa Karakana mwenyewe, nikapokea. Nilimwambia naumwa, nimesahau kufuli. Hakunikemea. Alisema tu, “Uko hai. Njoo.”

Nilipofika, magari ya wakuu yalikuwa yameshaondoka. Yaliyotokea nilisimuliwa na wale waliokuwapo. Meneja aliagiza mkasi wa kukatia chuma uletwe, kwa kuwa wageni walikuwa wamesimama. Kezia alijiweka mbele ya kufuli na kumwambia kwamba hakuna atakayeikata mpaka Mama Neema apatikane. Meneja alimwonya kwamba anaitupa nafasi yake mwenyewe. Hakusogea. Kisha, akiwa na sketi na blauzi nyeupe alizozishona kwa ajili ya siku ile, alilala kifudifudi na kutambaa chini ya basi, akiliita jina langu.

Aliponiona getini alikuja mbio. Blauzi ilikuwa nyeusi kwa grisi kuanzia kifuani hadi tumboni. Alinikumbatia akisema, “Asante Mungu, iko mzima. Mama Neema iko mzima.” Nami nilisimama ndani ya mikono yake na ufunguo mfukoni, na sitaficha kwamba hata wakati huo sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kwamba onyesho halikufanyika.

Ripoti iliandikwa kwamba maandalizi yalikuwa hafifu na kwamba Kezia alishindwa kufanya uamuzi chini ya shinikizo. Nafasi alipewa mtu kutoka nje. Mimi nilipata onyo la maneno kwa kusahau, kwa kuwa sikuwa nimewahi kukosea. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili zaidi. Aliendelea kuniletea chapati siku za Ijumaa. Nilizila.

Mwaka huu mgongo ulinilazimisha kustaafu nikiwa na miaka hamsini na tano. Wiki ya mwisho, yule mtu wa nje alikuwa ameacha kazi, na nafasi ikatangazwa upya. Nilijua ile ripoti ingali katika faili la Kezia. Mchana mmoja, kantini ikiwa karibu tupu, nilimwambia. Nilimwambia sikusahau. Nilimwambia nilikuwa mezani nikinywa chai, na simu ilikuwa mbele yangu.

Alifuta meza iliyokuwa safi, akaifuta tena, mpaka nikatamani anipige.

“Si kazi iliyoniuma,” alisema mwishowe. “Kule chini kulikuwa giza, Mama. Nilikuwa natafuta mguu wako kwa mikono. Kila bomba nililoligusa nilidhani ni wewe.”

Siku hiyo hiyo niliandika barua kwa Meneja nikaeleza kila kitu. Hafla yangu ya kuagwa ilifutwa, na cheti cha utumishi nilikabidhiwa dirishani na karani ambaye hakuinua uso. Kezia alipewa nafasi. Habari nilizipata kanisani, watu wakimpigia makofi, nami nikaanza kuyahesabu, vilevile kama zamani. Nilidhani kuungama kungeuondoa wivu. Kuliondoa usingizi tu.

Mwezi uliopita Kezia alinipigia. Alikuwa na mafundi wapya wanane, na alitaka waelezwe juu ya kufuli. Nilimwambia anaweza kuwaeleza mwenyewe, tena vizuri kuliko mimi. Akajibu kwamba hilo la kufuli niliyoiacha hatalisema yeye. Alitaka niende kulisema mimi, kwa mdomo wangu.

Nilikwenda. Niliandika haya yote na kuwasomea, nikiwa nimesimama, na yeye ameegemea mlango. Nilipomaliza, binti mmoja aliyeketi mbele aliinua mkono. Nilijiweka sawa kumjibu. Alikuwa ameshageuza shingo kuelekea mlangoni.

“Uliogopa?” akamwuliza Kezia.