Waraka Uliofika Mezani Kwetu

Niliisikia kabla sijafungua macho: mashine ya kuchapa ya Baba ikivuta karatasi kwa mkwaruzo, ikitulia, ikivuta tena. Hadi leo, mashine kama ile ikinguruma ofisini, mimi huacha ninachofanya. Tulikuwa tukiishi Muaither, pembezoni mwa Doha, Qatar, katika nyumba iliyogawanywa vyumba kwa mbao, na mkwaruzo ule ulimaanisha Baba amemjibu tena Shangazi.

Acha nikueleze. Kanisa letu lilikuwa dogo, la kwetu Kenya, la vitambaa vyeupe na ngoma. Mzee aliyelianzisha alipofariki, wengine walimfuata mwanawe. Wengine walimfuata mkalimani aliyekuwa akitafsiri mahubiri yake, wakisema roho ya Mzee imeuzoea mdomo ule. Ugomvi ukapanda ndege ukatufikia Doha, na huku ukapata kuni mpya. Watu wa Mwana waliabudu Jumapili, hata kama ni baada ya kazi, wakiwa wamechoka hoi. Watu wa Mkalimani waliabudu Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku. Kila upande ulisambaza nyaraka za kuuponda mwingine. Za Mwana aliandika Baba. Za Mkalimani aliandika dada mkubwa wa Baba, Shangazi, niliyelala naye chumba kimoja.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Baba alimwita Mkalimani kasuku aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Shangazi akajibu kwamba kasuku angalau alikuwa macho Mzee alipokuwa akisema, Mwana alikuwa akikoroma. Alimsomea Baba jibu lile jikoni, akisukuma chapati, unga hadi viwikoni, na Baba akamrekebishia nukta mbili tatu. Mama alitikisa kichwa, akamimina chai ya iliki.

Kisha maneno yakaota meno. Waraka mmoja wa Baba ulisema waliokisaliti kiti cha Mzee watazimika usingizini kama taa. Niliusoma ukiwa bado na joto la mashine. Shangazi alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, hivyo alilala mchana, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kikitetemeka ukutani. Nikirudi shuleni nilivua viatu mlangoni, nikanyata, nikaweka kiganja karibu na pua yake. Nilingoja. Pumzi ikija, nilikwenda kula. Siku moja ilichelewa, nikapiga kelele, naye akaamka akanivuta kifuani bila kuuliza kitu. Alinukia dawa ya hospitali na mafuta ya nazi. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikilitaja lile neno, litafanya kazi.

Wazee wa kanisa wa kule Kenya wakaagiza waraka mkali zaidi. Baba akaandika kwamba mtu wa Mwana asile chakula kilichoandaliwa na mkono wa mtu wa Mkalimani. Alimwambia Mama alikuwa akifikiria watu wa Mkalimani wa mtaa wa Abu Hamour, waliotunyang'anya waimbaji. Uliposomwa mbele ya watu Jumapili ile, mama mmoja aliuliza kwa utani, "Na chapati za dada yako, mwandishi, zina mkono wa nani?" Watu wakaangua kicheko. Baba alitazama viatu vyake.

Ijumaa iliyofuata Shangazi alirudi kutoka ibadani, akapika kama kawaida. Chapati zilitoka zikiwa na madoa ya kahawia, mvuke ukapanda. Baba hakunyoosha mkono. Mimi nilishika kipande, nikamtazama, nikashindwa kukila wala kukirudisha.

"Dada," Baba alisema, "wameniuliza kama neno langu nalishika mimi mwenyewe."

"Ukawajibu nini?"

Baba akaisogeza sahani kando.

"Nilikulisha uji hujaota meno, kijana. Mkono ni huu huu." Aliupangusa unga kwa aproni. "Mwache mtoto ale. Mimi nitakwenda Al Wakrah, kwa wenzangu wa kazini."

Mama alimsihi.

Miaka baadaye Mwana na Mkalimani walipatana, wakapigwa picha wameshikana mikono. Nyaraka zile hakuna anayezitaka sasa. Nyumba ya Muaither wanaishi wengine, na Baba hula chapati za dukani. Shangazi hakupika tena kwetu.

Siku ile aliyoondoka, alivaa viatu taratibu, akabeba begi lake, akanipapasa shavu kwa vidole vilivyosalia na unga. Nilitaka Baba aseme neno moja tu, yeye aliyekuwa na maneno mengi vile. Mlango ukafungwa nyuma yake.