Binti Yangu wa Miaka Minne Alisoma Meseji ya Baba Yake Mbele ya Wakwe

Kamwene kwa wa huku kwetu, na wengine wote nawasalimu. Admin, nifiche tafadhali, maana mawifi zangu wamo humu na hawapitwi na kitu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na nane, naishi Mafinga, nimeolewa na dereva wa lori la mbao. Tuna binti mmoja, ana miaka minne na nusu. Mtanivumilia nikichanganya mambo.

Binti yangu hajaanza shule. Darasa la awali liko mbali na njia yote ni malori, nikasema akue kwanza. Mama mmoja wa kanisani akanirushia kwenye simu masomo ya bure ya kumfundishia mtoto kusoma nyumbani: video za mwalimu anayetamka sauti za herufi, na kadi za kuchapisha. Printa naitoa wapi mimi? Nilichora herufi kwa mkaa kwenye makatoni ya sabuni, nikakata, tukaanza. Yule mwalimu anasisitiza usimkaririshe mtoto, mpe sauti tu, mmm, aaa, halafu aziunganishe mwenyewe. Siku alipopata "mama" peke yake alinitazama usoni akacheka, nikambeba nikazunguka naye jikoni mpaka ugali ukaungua. Baada ya miezi michache akawa anasoma paketi ya chumvi, kalenda, hata maandishi ya nyuma ya malori. Sijawahi kujivunia kitu hivyo maishani mwangu.

Baba yake alijivunia kuliko mimi, hilo nalisema kwa haki. Mgeni akifika tu, hata chai hajanywa, mtoto anaitwa aje asome.

Jumapili moja mama mkwe alikuja kutoka Madibira pamoja na shemeji yangu mkubwa, wametuletea mchele mpya. Tukiwa tunakula, mume wangu akaanza maonyesho yake. Mtoto akasoma kiberiti, akasoma kalenda, wakapiga makofi. "Huyu atakuwa mwalimu huyu," mama mkwe akasema. Mume wangu, wali umemjaa mdomoni, akamwambia mtoto, "Soma chochote unachokiona, mama." Simu yake ilikuwa mezani. Ikalia, kioo kikawaka. Mtoto akaivuta, akaweka kidole, akasoma kama nilivyomfundisha, taratibu na kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mte-ja wa Nyo-lo-lo. Mwa-na-o a-me-ta-mba-a le-o. Njo-o u-mwo-ne."

Mume wangu alimpokonya simu kwa nguvu mpaka mtoto akadondoka kutoka kwenye kigoda. Wala hakulia. Aliinuka akauliza, "Baba, aliyetambaa ni nani?"

Kwanza alisema ni mteja wake wa kule Nyololo anakopitia na lori, ndivyo alivyomhifadhi kwenye simu, anatania. Halafu akasema namba imekosewa. Halafu akasema hakuna meseji yoyote, akatuonyesha simu, kumbe ameshaifuta. Na mama mkwe, aliyekuwa anapiga makofi muda uleule, akanigeukia: "Mtoto hajakanyaga darasani, kusoma kajulia wapi? Umemkaririsha mwenyewe ili umchafue mwanangu." Nikamjibu, "Na kiberiti nacho nilimkaririsha, mama?" Najua nilikosa adabu, nikikasirika mdomo wangu hauna breki. Mume wangu akakusanya makatoni yangu yote akayatia motoni yakaungua, akasema nimemfundisha mtoto kusoma ili awe mpelelezi wangu. Jamani, si wachague moja? Anajua kusoma au hajui?

Wiki ya tatu sasa mume wangu analala kwa kaka yake. Mtoto wangu amebadilika. Nikimwekea paketi ya chumvi anaigeuza maandishi yaangalie chini. Nikimuuliza hapa pameandikwa nini, anasema "sijui" na kukimbilia nje. Mtoto anaamini yeye ndiye amemfukuza baba yake, na hilo linaniumiza kuliko hiyo Nyololo.

Sasa ukoo umeitisha kikao Jumamosi hii. Wamesema mtoto aletwe, wazee waandike maneno yao wenyewe kwenye karatasi, asome mbele ya watu wote. Akisoma, mume wangu atajieleza. Akishindwa, mimi ndiye mwongo, nitaomba radhi kwa magoti na habari ya meseji haitatajwa tena. Nikikataa kumpeleka, wamesema watahesabu nimekiri.

Juzi mchana mume wangu alipita nyumbani. Amekonda. Akakaa mlangoni akalia. "Mwambie tu anyamaze. Asisome. Nitarudi nyumbani, na yule mwanamke nitaachana naye, nakuapia." Kwa hiyo amekiri, ila kwangu peke yangu, mahali ambapo hakuna wa kunishuhudia. Na mimi mjinga bado nampenda. Nilishafungua mdomo kabisa nimwambie mtoto ajifanye hajui, nikashindwa. Nikiufunga mdomo wake leo, nitamwambiaje kesho asome? Na nikimwacha asome, mtoto wa miaka minne ndiye atakayesimama mbele ya ukoo mzima kummaliza baba yake, na hawa watu wakianza kukumbusha jambo hawachoki. Halafu kuna huyo mtoto mwingine anayetambaa huko, naye hana kosa lolote. Nakosa hata mtu wa kumchukia vizuri.

Jana nikiwa namsuka nywele, aliniuliza bila kugeuka, "Mama, Jumamosi nisome au nisahau?"

Nilimwambia ainamishe kichwa, nikamsuka mpaka nywele zikaisha. Leo ni Alhamisi, na kila nikipita anainua macho kunitazama. Ninyi mliolea watoto mkavuka, nawaomba kwa machozi, nimwambie nini mwanangu?