Bahati na Dirisha ya Kushoto

Ndugu zangu, leo nimesalitiwa nikiwa juu ya mawingu!

Munajua nilivyojisifu wiki nzima. Mimi, wa kwanza katika watoto wa mama kupanda ndege, Walikale mpaka Goma! Mama nilimuambia atandike kikwembe chake chekundu, kile kitambaa cha kujifunga, juu ya mabati, pale Kashebere, nikipita nikione.

Sasa Bahati, mutoto wa shangazi, ameshapanda mara mingi. Nikamuuliza: nikae wapi?

"Kushoto, kaka. Kashebere iko kushoto. Mimi nitavumilia kuume."

Atavumilia! Musikie huyo muntu.

Nikakimbilia dirisha ya kushoto. Baba mumoja mwenye tumbo nilimupita kama mbuzi aliyekata kamba. Pilote wa ndege akahesabu kilo za kila upande, akasema: ziko sawa, hakuna kuhama.

Kushoto niliona nini? Pori. Pori tena. Wingu.

Mara nasikia kuume: "Ile! Ile nyekundu! Na mama anapunga mukono!"

Kumbe njo Bahati huyo, pua kwenye kioo, anachukua video ya mama YANGU.

"Bahati, kwa nini?"

"Kaka, huku kila safari mizigo inaziba, kunabaki dirisha moja tu. Ningekuambia ukweli, mimi ningeona nini?"

Tumeshuka, simu inalia. Mama: "Mwanangu, ulikiona?"

"Nilikiona, Mama. Kiliwaka sana."

Bahati alicheka mpaka akakaa juu ya mizigo ya watu.

Muniambie: nimuombe ile video, ao nimunyime salamu mpaka Noeli?