Bibi Aliyekufa Katika Aya ya Tatu

Mwalimu Yeh Su-chuan alikuwa na ugonjwa wa kupenda mpangilio. Soksi zake zilikaa kabatini kwa rangi, na chaki alizipanga kwa urefu. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha insha katika shule ya sekondari ya mji ule wa vitunguu saumu, magharibi mwa Taiwan, na kila mwaka alianza kwa kufungua kisanduku chake cha chakula cha mchana mbele ya darasa.

"Mnaona? Wali una chumba chake. Kabichi ina chumba chake. Yai limekaa pale, halimsumbui mtu. Aya moja, jambo moja. Sasa nikifanya hivi..." Akatikisa kisanduku kwa nguvu, kisha akakifungua tena. "Haya ndiyo mliyoniletea jana."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, maana chakula kilikuwa chake na saa sita angekila hivyo hivyo.

Insha ilitakiwa kuwa na aya nne: ya kwanza inafungua, ya pili inaendeleza, ya tatu inageuza, ya nne inafunga. Balaa lilikuwa kwenye kugeuza. Alikuwa akiwaambia kwamba aya ya tatu lazima imshtue msomaji, na mtoto wa miaka kumi na mitano anajua kitu kimoja tu cha kumshtua mtu, nacho ni kifo. Mwaka huo, katika darasa la wanafunzi thelathini na wawili, mabibi kumi na mmoja walikuwa wameshafariki kabla ya mwezi wa nne kuanza, na wawili kati yao walifariki mara mbili. Mwalimu Yeh alisahihisha bila kupepesa macho. Enzi za usichana wake, kila insha ilibidi imalizike kwa kiapo cha kuikomboa China bara, iwe inahusu mvua au inahusu mbwa. Yeye ni nani hata awacheke watoto wa watu?

Aliyemnyima raha alikuwa Ting Pei-jung, msichana mpole aliyelelewa na bibi yake na aliyetaka chuo cha uuguzi kuliko kitu chochote. Bila alama nzuri ya insha katika mtihani wa taifa, chuo angekisikia tu. Na Pei-jung alikuwa akiandika kitu kimoja kirefu kisicho na mlango wala dirisha. Anaanza na shamba, anaingia kwa paka, anarudi shambani, anamkumbuka shangazi, karatasi inaisha.

Walihangaika pamoja miezi sita. Mwalimu alizikatakata insha zake kwa mkasi na kumpa vipande avipange upya mezani. Kisha, wiki ya kwanza ya Aprili, Pei-jung akaleta insha yenye aya nne safi kabisa, kila moja na jambo lake. Ya kwanza: mikono ya bibi inanuka vitunguu saumu. Ya pili: bibi anaamka alfajiri kumpikia uji. Ya tatu: bibi anaanguka uani na kufa. Ya nne: mjukuu anajuta kwamba hakumsikiliza. Mwalimu Yeh alifurahi mno. Akampa daraja la tano kati ya sita na kuisoma insha ile mbele ya darasa.

"Mwalimu, hata mimi bibi yangu amekufa, mbona nina daraja la tatu?" akalalamika mmoja wa nyuma.

"Wako amekufa aya ya kwanza," Mwalimu Yeh akamjibu. "Umemharakisha."

Siku ya nne baada ya hapo, bibi yake Pei-jung akaanguka uani akifunga mafungu ya vitunguu saumu. Ulikuwa moyo. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa.

Pei-jung alirudi darasani baada ya siku tatu, akawa anatoa karatasi tupu. Jaribio la kwanza, tupu. La pili, tupu, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki nne. Mwalimu Yeh akamwita ofisini na kumfungia mlango.

"Niambie kuna nini, mwanangu."

"Siandiki tena, Mwalimu. Nilimuua mwenyewe. Niliandika uani, akaanguka uani."

"Tfu! Tfu! Usiseme hivyo! Yuko hai!"

"Bado hajafungua mdomo kula," Pei-jung akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Mwalimu Yeh alikuwa amesoma chuo kikuu, na kwa kinywa chake mwenyewe aliwahi kuwaambia wazazi kwamba nuksi haipo. Lakini tangu apate ile habari alikuwa halali vizuri. Ni yeye aliyetaka msomaji ashtuke. Ni yeye aliyesimama mbele ya watu na kukisoma kifo cha mwanamke mzima kwa sauti ya kupendeza, kisha akakipa daraja la tano. Aliona aibu, na aliogopa kama anavyoogopa mtu yeyote wa mji ule.

Jumapili asubuhi alikwenda sokoni, akanunua makongoro ya nguruwe na tambi nyembamba, akavipika mwenyewe kwa saa tatu. Ndicho chakula cha kuondoa nuksi. Mtu akitoka jela au akinusurika ajali hupikiwa hicho kabla ya kingine. Akampitia Pei-jung, wakaenda hospitali. Mlangoni pa wodi msichana akagoma. Akabaki kwenye korido na uso wake ukutani, na Mwalimu Yeh akaingia peke yake na sufuria.

Bibi kizee alikuwa ameegemea mito, amekonda, macho makali. Kando yake palikuwa na bakuli la uji ambalo halikuguswa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa insha wa Pei-jung. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Amefeli?"

"Hapana. Amefaulu." Na Mwalimu Yeh akamweleza yote, ameinamisha kichwa, kuanzia kisanduku cha chakula hadi karatasi tupu.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi sijui kusoma. Hiyo karatasi unayo?"

Alikuwa nayo mkobani.

"Nisomee."

"Mama, si vizuri..."

"Nani aliyekufa, wewe au mimi? Soma!"

Mwalimu Yeh akasoma. Sauti yake ya kupendeza haikuja. Aya ya pili ilipoisha, bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kweli, uji naupika. Endelea." Ikaja aya ya tatu. Mwalimu alisoma ameikazia macho karatasi, bila kuthubutu kuinua uso.

"Basi?" bibi akauliza. "Nimekufa hivyo tu? Hakuna tarumbeta za mazishi? Miaka kumi na mitano ya uji, nazikwa mistari miwili bila hata tarumbeta moja?"

Mwalimu Yeh akaanza kuikunja karatasi.

"Na mwisho anasemaje?"

"Anasema anajuta kwamba hakukusikiliza."

"Ahaa! Kumbe anajua!" Bibi akajiinua juu ya mto na kupaza sauti kuelekea mlangoni. "Wewe muuaji! Ingia hapa!"

Pei-jung aliingia akilia kwa kwikwi, akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi akamshika sikio, akalivuta, kisha akamwachia na mkono ukabaki kichwani pake.

"Moyo huu una miaka sabini na sita, mjinga wewe. Ulianza kuniuma kabla hujajua kushika penseli. Unadhani kalamu yako ina nguvu kiasi hicho? Haya, hiyo sufuria ina nini? Nasikia harufu ya tambi."

Akala. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, na Mwalimu Yeh akalazimika kugeukia dirisha, asionekane anavyolia mtu mzima.

"Nuksi imekwisha," bibi akasema na kupangusa midomo. "Chumvi ndiyo haikutosha."

Siku ya mtihani, katikati ya Mei, Mwalimu Yeh alisubiri chini ya hema la shule nje ya lango, akipanga na kupangua chupa za maji. Karatasi ya insha ilikuwa imekusanywa. Pei-jung akatokea katikati ya umati, anatembea taratibu.

"Uliandika?"

"Niliandika, Mwalimu."

"Aya nne?"

"Nne."

"Bibi yumo?"

"Yumo. Ya kwanza mikono yake. Ya pili anaumwa, hataki kula."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni wewe," Pei-jung akasema. "Unaingia umebeba sufuria."

Mwalimu Yeh akainyoosha chupa iliyokuwa imenyooka tayari. "Halafu umefungaje?" aliuliza baadaye.

"Bibi anakula, analalamikia chumvi. Nikaishia hapo."

Hakukuwa na funzo wala majuto, na kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Yeh angeikata alama insha ya namna hiyo. Alifungua chupa ya maji, akampa msichana, akavuta kiti akakaa. Chupa zilizobaki akaziacha zikae ovyo, akicheka.