Kopo la Breki na Beseni la Mama Mkwe

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kanyagio la breki lilizama hadi sakafuni, na pikapu ya kijiji ikasimamishwa na lundo la magunia ya pamba. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa jirani na Butiama. Mimi nilikuwa karani wake, na dereva pia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha magari. Magunia yale yalitakiwa kufika Bunda kesho yake kabla ya saa sita, ununuzi wa msimu haujafungwa.

Kopo la plastiki la mafuta ya breki lilikuwa limemeguka pembeni. Ufa wake niliujua. Kila Jumamosi niliupima kwa rula. Kuuziba sikuwahi. Kopo jipya Musoma lilikuwa shilingi thelathini na tano, ila madukani halikuwapo.

Nilijua kwamba plastiki huzibwa kwa plastiki ya aina yake. Kwa hiyo nilikiokota kile kipande kilichomeguka, nikakata ncha moja na kuitia majini: ikaelea. Nyingine nikaichoma: ikadondosha matone kama nta. Nikaandika daftarini, “Harufu: ya wastani.” Kisha nikarudia yote, maana jaribio moja si ushahidi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Kwa mila yetu hatutazamani wala hatusemeshani, hivyo alikaa nyuma ya jiko, na moshi wangu ukamfuata huko.

“Mwanangu,” alimwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia, “mumeo anawasha mishumaa mchana kwa ibada gani?”

“Mwambie mama nachunguza plastiki,” nilisema, nikiutazama ukuta.

“Mwambie beseni langu lilipogusa jiko lilinuka hivyohivyo. Achukue, azibe gari.”

Mke wangu alileta beseni, akatazama kiganja changu. “Na kile kipande kiko wapi?”

Kilikuwa kimeisha. Nilikuwa nimekipima chote.

“Baba watoto, wewe kila kitu unachunguzaga mpaka kinaisha!”

Nyuma ya jiko mtu alicheka, na heshima ilinizuia kugeuka.

Nilikata ukingo wa beseni, nikapasha bisibisi kwenye mkaa, nikayeyusha na kuziba. Kiraka kilifanana na kidonda, lakini nilipojaza mafuta hakikuvuja. Kesho yake tulikwenda polepole, nikisimama kila baada ya maili mbili kukikagua, tukafika Bunda saa tano na nusu. Pamba ilipokelewa.

Beseni jipya lilikuwa shilingi kumi na mbili. Nilipotaka kulipeleka, mke wangu aliniuliza kama kweli nilidhani chombo cha mama mkwe hurudishwa bila mbuzi. Mbuzi alikuwa shilingi sabini. Ukitoa bei ya kopo ambalo sikulinunua, nilipata hasara ya shilingi arobaini na saba.