Jina Lililopita Juu ya Kisumu

Mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake. Hiyo ni sheria ya Wagusii, si mimi niliyeiweka. Humpi mkono, hukai naye benchi moja, huingii anapolala, naye haingii kwako hata mvua ya mawe ikimpigia mlangoni. Mkikutana njiani unashuka kwenye majani, unampisha. Siku hizi mnapanda gari moja na wakwe zenu na kugombania dirisha. Sawa. Mimi naeleza ya kwangu.

Baba mkwe wangu alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi nane. Mpigaji huketi kigodani, akakiegemeza begani, nacho kikanguruma kama fahali aliye ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimekaa katika boma lake miaka kadhaa na sikuwa nimemwona akipiga hata mara moja. Nilimsikia tu. Jioni nikikoroga ugali wa wimbi, sauti ilipita kwenye udongo wa ukuta, ikapanda miguuni mwangu, nikasahau moto. Tulikuwa tumebatizwa, mimi na mume wangu, katika kanisa la Sabato, na kanisani tuliambiwa obokano ni mlango wa pombe. Kwa hiyo nilisikiliza kama mtu ambaye hasikilizi.

Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi tu. Mume wangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, akija mwisho wa mwezi. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, na asubuhi hiyo nilikuwa namfunga mtoto mgongoni niende kuchuma maua ya pareto.

"Mkamwana!" Huyo ni mama mkwe, amesimama uani na fimbo yake. "Acha kikapu hicho. Mwenye boma ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Kisumu. Kuna ngoma. Yule dereva wa lori la ndizi alimwambia jana pale Ikonge, ati uwanja mzima, kila kabila linaleta vyombo vyake. Amechukua obokano na kigoda, ameenda. Hakuuliza ngoma ni ya nani."

"Kwani amealikwa?"

"Ngoma ikilia mtu hualikwa na masikio yake. Ndivyo anavyosema. Mfuate. Mguu wangu huu hautafika hata Ekerenyo, na wewe ulikaa Kericho, unajua Kiswahili. Yeye akitaka maji huko atayaombaje?"

"Mama, nitasafirije pamoja na yeye?"

"Nani amesema pamoja? Utasafiri nyuma yake." Akaninyooshea fimbo. "Na usirudi hapa bila yeye. Sabato isiwakute njiani."

Ilikuwa Ijumaa, na Sabato huingia jua la Ijumaa likizama. Niliondoka na leso yangu ya pili na mtoto, basi. Sikuwa nimewahi kuona Kisumu.

Nilimkuta Ikonge, ameketi mbele kando ya dereva na obokano katikati ya magoti. Alinitazama, akatazama barabara. Nikapanda nyuma juu ya ndizi. Dereva akanipigia kelele kutoka chini: "Mama, narudi jua likianza kulala! Pale pale sokoni Kisumu nitakapowashusha. Sisubiri mtu, mimi si gari la serikali!"

Kulikuwa na ukungu. Wakati ule chai ya watu wadogo ndiyo kwanza ilikuwa ikipandwa, na vilima vilikuwa vyeupe kwa pareto, hata hukujua ukungu unaishia wapi na maua yanaanzia wapi. Nililala chali juu ya mikungu ya ndizi, mtoto tumboni pangu, lori likitubembeleza. Kila tulipoteremka baridi ilitutoka kama nguo inayovuliwa. Nikasinzia. Nilipoamka nilikuwa katika hewa nyingine, yenye joto la mdomo wa ng'ombe, na miti yote ilikuwa mifupi.

Dereva alisimama Sondu kutia maji kwenye injini. Hapo ndipo baba mkwe alisema neno la kwanza. Hakuniambia mimi. Alimwambia mtoto.

Lazima niwaeleze habari ya mtoto huyu. Alikuwa mvulana, meno mawili. Sisi humpa mtoto jina la mtu wa ukoo aliyekufa, na huyu alipewa jina la baba yake baba mkwe. Kwa hiyo mzee alimwita mjukuu wake "Tata," yaani baba, na alimpa heshima yote ya baba, hata alipomkojolea. Mimi niliweza kulitamka jina la mtoto bila shida. Mwenye jina alikufa kabla sijaolewa; hakuwahi kunipisha njiani wala mimi sikuwahi kumpisha.

"Tata," akasema mzee, akitazama mto, "muulize mama yako kama amekula."

"Mwambie babu yako nimekula," nikamwambia mtoto.

"Mwambie aache uongo."

Akaweka ndizi mbivu mbili juu ya jiwe, akasogea. Nikaenda nikazichukua. Mtoto alicheka kana kwamba yeye ndiye aliyezitafuta.

Kisumu nilianza kuiona kwa ziwa. Nilidhani mbingu imeteremka ikakaa mwisho wa barabara. Nyumba zilikuwa nyeupe, maduka ya Wahindi yamefunguliwa, vitambaa vimening'inia vya rangi ambazo sikuwa na majina yake. Baiskeli zilipita bila sauti. Baba mkwe alitangulia, na mimi nyuma yake, mbali kidogo, jinsi inavyotakiwa. Hakuuliza njia. Alisimama kwenye njia panda, akageuza sikio huku na kule, akafuata ngoma. Nami nilifuata koti lake. Lilikuwa koti zito la rangi ya majani makavu, alilonunua mnadani Marani, na katika joto lile alikuwa nalo peke yake mji mzima. Nilisema moyoni: koti hili sitalipoteza.

Nililipoteza.

Uwanjani kulikuwa na watu kama siafu. Watoto wa shule wamevaa sare, wamepangwa kwa kimo, wanasubiri zamu. Wacheza ngoma wenye manyoya kichwani na njuga miguuni. Mahema, na mlingoti wenye spika mbili kubwa kama maua ya boga. Vikundi viliimba kila upande, na mahali niliposimama nyimbo zilikutana. Hapa nyayo, pale filimbi, kule wasichana wanaimba sauti tatu zinazopandana kama moshi wa nyumba tatu asubuhi ambapo hakuna upepo. Jasho lilinitoka na sikulifuta. Sikuwa nikifikiria chochote. Nilijiona kama mtu aliyelala kwake ambaye anaota uwanja, na katika ndoto hiyo hakuna shamba, hakuna kuni, hakuna mtu wa kumfuata.

Mtoto akalia. Nikatazama mbele. Koti halikuwepo.

Nilizunguka mahema. Nilizunguka tena. Nikamwuliza mama mmoja aliyeuza karanga, ameketi na sinia yake karibu na lango.

"Umeona mzee mwenye koti?"

"Koti? Jua hili? Huyo si mgonjwa?"

"Ni mzima. Amebeba kinanda."

"Mama, hapa kila mtu amebeba kitu. Nenda kwa yule mwenye tai, chini ya mlingoti. Ndiye anayeita watoto waliopotea."

"Si mtoto."

"Amepotea?"

"Ndiyo."

"Basi ni mtoto. Nenda."

Mwenye tai alikuwa kijana mnene mwenye kipaza sauti mkononi. Alinisikiliza vizuri tu.

"Haya, tutamwita. Jina lake?"

Nikampangusa mtoto jasho.

"Mama, jina."

"Siwezi kulisema."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau."

"Sasa?"

"Ni baba mkwe wangu."

Alicheka mpaka tai ikacheza. "Mama yangu, hapa ni Kisumu! Nani wa kwenu atakusikia? Nong'oneza tu."

"Mimi nitasikia," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Hakukasirika, alishika kiuno akafikiri. "Nikisema 'mzee wa Kisii mwenye koti'?"

"Hajui Kiswahili."

"Hajui Kiswahili, jina halisemwi. Wewe unataka nimwite kwa mluzi?"

Mnaweza kucheka. Mimi niliona jua limeanza kuinama. Niliona moyoni lori likiondoka. Nilimwona mzee amelala kwenye baraza ya duka la watu, hana neno hata moja la kuombea maji, na mimi naingia uani kwetu, mama mkwe amesimama na fimbo yake, ananitazama nyuma ya mgongo kama kuna mtu anakuja. Jina lilikuwa limekaa ulimini kwangu kama kaa la moto. Nilifungua mdomo. Mdomo ukakataa. Mtu akikua na kitu, hakitoki kwa sababu amevuka mto Sondu.

Yule kijana akamshika mtoto wangu shavu, nadhani kwa kukosa la kufanya. "Na huyu naye jina lake ni siri?"

Nikamwambia jina la mtoto. Likatoka jepesi. Na lilipotoka nikalisikia kana kwamba limesemwa na mtu mwingine.

"Ita hilo," nikamwambia.

"La mtoto? Mtoto si huyu hapa?"

"Ita."

Akaita. Akaita tena. Jina la mtu aliyezikwa kando ya migomba yetu, mtu ambaye hakuwahi kuona gari, likatoka kwenye yale maua mawili ya chuma, likapita juu ya watoto wa shule na manyoya na mahema, likaenda likagonga upande wa ziwa likarudi. Mtoto alitulia, akainua uso.

Nilimwona baba mkwe akitokea nyuma ya hema la mwisho. Baadaye nilijua kwamba mtu alimwonyesha mahali pa kungoja, naye hakujua anangoja nini, akaketi. Sasa alikuja katikati ya uwanja, moja kwa moja, akipita mbele ya kwaya iliyokuwa ikiimba, uso umeinuka kuelekea kwenye spika. Mwalimu wa kwaya akampungia kijiti. "Mzee! Ondoka hapo! Hii ni zamu yetu!" Hakumsikia. Alifika chini ya mlingoti, akaweka kigoda chake, akaketi, akajibu.

Sijui neno jingine. Alijibu. Baba yake alikuwa amemwita, naye akajibu kwa nyuzi.

Kwaya ilikatika. Wengine walizomea. Wengine waliendelea kula karanga. Mzee mmoja mwenye beji alikuja mbio akisema huyu hayumo, huyu hayumo, na yule kijana wa tai akasema, "Mwache kidogo," akainamisha kipaza sauti mbele ya nyuzi.

Mimi nilikuwa karibu mno. Kumkazia macho mkwe wako akipiga haifai, na haifai zaidi mbele ya watu. Nikageuka, nikampa mgongo, nikamfungua mtoto nikamweka begani ili yeye atazame. Yeye ndiye aliyeruhusiwa. Nilisikiliza kwa mgongo. Ngurumo ile niliyoijua kupitia ukuta wa jikoni sasa ilitoka ardhini, ikapanda kwa visigino, na mikono ya mtoto ilikuwa ikipiga bega langu akifuata. Mzee aliimba ukoo wetu, mtu baada ya mtu, na ng'ombe zao, na kijito cha nyumbani. Kisha akaimba habari ya mwanamke aliyembeba baba yake mgongoni, akateremka naye kutoka kwenye baridi mpaka nchi ya joto. Hakusema mwanamke huyo ni nani. Katika wimbo mtu husema mengi, na hakuna aliyezungumza na mkwe wake.

Nilitazama ziwa. Liliyeyuka machoni mwangu, nikaacha liyeyuke.

Hakupewa zawadi, kwa kuwa hakuwa kwenye mashindano yoyote. Mama wa karanga alimpa fungu la karanga katika gazeti. Lori tulilikuta likiwa limeshawashwa, dereva akitutukana kwa upole.

Sabato ilitukuta Sondu. Dereva alisimama tena kutia maji, na jua lilikuwa limeingia.

"Tata," mzee akamwambia mtoto, "leo uliniita."

Nilimfunika mtoto kwa leso yangu ya pili. Kisha nikasema, "Mwambie babu yako ni mimi niliyesema uitwe."

Aligeuza kokoto kwa kidole cha mguu. "Mwambie mama yako najua. Baba yangu hakuwa na sauti nzuri namna ile." Akaweka karanga juu ya jiwe, akasogea.

Mama mkwe alitungoja uani gizani. Hakutusalimu. Alihesabu: mmoja, wawili, na mtoto. "Mmevunja Sabato," akasema, akaenda kupakua chakula.

Baba mkwe alikufa miaka ya sabini, tayari chai imefunika pale palipokuwa na pareto. Mwanangu wa mwisho alizaliwa baada ya mazishi, na wakampa jina lake. Jina liliingia nyumbani mwangu, likalala kitandani mwangu, likanyonya titi langu, na bado sikuweza kulitamka. Watu waliniambia sasa ni la mtoto tu. Nikawaambia waliite wao.

Alikuwa mtoto mtoro sana. Siku za soko pale Ikonge nilikuwa nageuka hivi, hayupo. Basi nilisimama juu ya jiwe karibu na wauza ndizi, nikaita kwa nguvu jina la kaka yake mkubwa, yule niliyembeba Kisumu. Mkubwa alikuwa shuleni, hakuwa hapo kabisa. Na yule mdogo akatoka mbio katikati ya miguu ya watu, akijua ni yeye anayetakiwa.