Ulezi kwenye Paji la Uso

Leo jirani yangu hapa Bweri amelowanisha unga wa ulezi, na harufu yake imenikuta mlangoni nikashindwa kupiga hatua.

Harufu hiyo ilikuwa kwenye paji la uso la mdogo wangu, kule Nyasura, siku homa ilipomzidi. Bibi alitafuna ulezi mbichi akamtemea, maana ndivyo walivyobariki watoto kwao. Mama akaufuta kwa kanga, akampaka mafuta ya mchungaji.

"Mama, hapa tunamwomba Mungu wa kweli," mama akamwambia bibi.

"Wewe ukiugua nilikuwaga nakutemea hivihivi. Ulikufa?"

Bibi akatema tena, mama akafuta tena. Mchana mtoto akaacha kulia, macho yakabaki darini. Mama akaiweka kanga chini.

"Mama, mtemee."

"Namtemea. Na wewe usiache kuomba."

Huyu akatema, yule akaomba, mpaka mdogo wangu akakata roho katikati yao.

Nimejisomea Biblia, Kurani, na kila kitabu cha dini nilichoweza kuazima. Kila kimoja kinasema ndicho chenye ukweli. Navirudia ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta ni nani mwingine tungemwita.